Vitambaa Sita vya Leso Nyekundu

Osoro, tata,

Leo ni Ijumaa. Maharagwe ya kesho yameiva, maji nimejaza mtungi, nyumba nimepiga deki mpaka mlangoni. Jua likizama Sabato inaingia, sitashika kalamu, unajua mwenyewe. Kwa hiyo nina alasiri hii tu. Nimeketi nje kwenye kile kiti cha chuma ulichochomelea ukiwa bado unajifunza, kile kinachoinama upande mmoja. Mbele yangu naona kaburi lako, na nyuma ya kaburi naona mlango wa stoo. Nimegeuza kiti mara mbili ili nisiuone huo mlango. Nimekirudisha.

Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la nne, na mwalimu wetu alitufundisha kuandika barua kwa Kiswahili peke yake. Ekegusii changu ni cha mdomo, nikikiandika hata mimi mwenyewe siwezi kukisoma tena. Halafu nataka Akinyi aweze kuisoma akitaka, na Ekegusii cha mke wako mpaka leo ni kile cha kununulia nyanya sokoni.

Kwanza nikupe habari za nyumbani, ndiyo nipate nguvu ya kufika kule.

Ng'ombe alizaa. Ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji kama mama yake. Mvua ya mawe ilipiga majani chai, siku nyingi hatukuchuma kitu. Kaburi lako limedidimia upande wa miguu. Nimejaza udongo mvua ikausomba, nimejaza tena. Mashine za watu ulizokuwa unazitengeneza, wenyewe wamekuja kuzichukua. Yule mzee wa Sironga alichukua mashine yake ya kukatia nyasi hivyo hivyo ikiwa imefunguliwa, nati amezitia kwenye kofia, akasimama hapo langoni akalia mbele ya watu. Akasema, "Sasa hii nani ataijua?"

Akinyi yuko. Watu walisema atarudi kwao ziwani kabla nyasi hazijaota kwenye kaburi. Hajarudi. Asubuhi anaenda kwenye cherehani yake pale senta ya Nyansiongo, jioni anarudi, ananisalimia vizuri, "Mama, umeshindaje?" Ananiletea sukari. Lakini hali kwangu. Anachukua sahani yake anaenda kula kwenye nyumba yenu, peke yake, mlango umefungwa. Mimi simwulizi kwa nini. Nikimwuliza atanijibu.

Na wewe wanakusema, tata. Wanasema ulikuwa na kichwa lakini hukuwa mwangalifu. Niliwasikia kwenye kituo cha majani chai, wakina mama wawili, hawakujua niko nyuma yao na kikapu. Mmoja akasema, "Vyuma vya vita unavichezea kama sufuria?" Mwingine akasema, "Si ndio vijana hawa wa kusoma simu, wanajua kila kitu." Nikainama kama napanga majani. Wewe usiye mwangalifu! Wewe uliyekuwa ukivaa miwani ya kuchomelea hata ukikata waya wa banda la kuku. Ningesema neno moja pale wangenyamaza wote. Sikulisema. Nilipima majani yangu nikaja nyumbani.

Miezi minne sasa, Osoro. Miezi minne naamka nalo, nalala nalo.

Unakumbuka ilivyoanza? Jirani yetu aliyepata ile nyumba ya mzungu wakati mashamba yaligawanywa alikuita uvunje chumba cha zamani cha maziwa. Ukakuta masanduku ya mbao. Ndani ya sanduku maranda, ndani ya maranda karatasi yenye mafuta, ndani ya karatasi vyuma vya ndege. Kumbe yule mzungu alikuwa rubani wakati wa vita, na vita vilipoisha akanunua mabaki ili ajiundie ndege yake mwenyewe. Akazeeka, akauza shamba, akaenda zake, vyuma vikabaki chini ya maranda. Ulikuja nyumbani unasukuma mkokoteni, uso wako kama wa mtu aliyekubaliwa na mchumba. Nikakuuliza, "Ni nini hiyo tena?" Ukaniita mama yako kwa Ekegusii chetu, "Baba, nimepata ndege." Nikatazama mkokoteni, nikasema mbona haina mabawa, ukacheka mpaka ukaketi chini.

Baada ya hapo hukutulia. Kumbe watu hapa walikuwa wamebeba vipande tangu zamani bila kujua ni vya nini. Mmoja alikuwa ananyweshea nguruwe kwenye kifuniko cha injini. Yule bibi wa ng'ambo ya mto, mlango wa banda lake la kuku ulikuwa ubavu wa ndege, una namba za jeshi. Ukampelekea bati jipya mbadilishane. Akakataa. Akasema kuku wake wameshauzoea, ukiutoa watalala nje. Ulirudi kwake mara tano. Mara ya tano ukalala hapo uani mwake kwenye nyasi, ukamwambia nawe hutaingia ndani mpaka kuku waamue. Akakupa, na mayai akakuongeza.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, ukawafukuza. Ulisema unataka kuvipanga vizuri kwenye stoo, kila kimoja na jina lake, watoto wa shule waje waone ndege imeundwa vipi, na wasisomewe kitabuni tu. "Mtoto ashike, Baba. Mimi ningeshika kitu kama hiki nikiwa darasa la sita, ningekuwa wapi leo?" Na papo hapo ukasema, lakini hatashika kitu mpaka kiwe salama. Hilo ulilisema kabla mtu hajakuuliza. Nani analijua hilo sasa? Mimi.

Unakumbuka ile saa? Ile saa ndogo ya ndege niliyoiona ndani ya stoo mchana, nikasukuma mlango nyuma yangu, giza likaingia, na namba zake zikawaka kijani. Niliipenda hiyo saa! Nikasema hii ni ya sebuleni, wageni wakija waione. Uliinyakua mikononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Ulinipeleka bombani ukaniosha mikono wewe mwenyewe, kidole kwa kidole, ukaniambia rangi hiyo ina sumu, ikichubuka ikaingia kinywani inakaa kwenye mifupa. Nikanuna siku mbili. Ukaitia saa kwenye mkebe ukaufunga kwa waya, na juu ya mlango wa stoo ukaandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: BABA USIGUSE.

Sasa nisikilize. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Mimi nilidhani maandishi yale ni ya saa.

Mzee Barasa ndiye aliyekufundisha. Sikuwa nimemwona bado, nilijua sauti yake tu kwenye simu, fundi aliyestaafu, ametengeneza ndege za jeshi miaka mingi. Siku ya kwanza alikusikia ukiita, "Baba, niletee maji!" akakugombeza kwenye simu. "Wewe kijana, unamtuma baba yako maji? Kwenu hamna adabu?" Ukamwambia, "Mzee, kwetu baba ni mama. Baba wa kweli tunamwita tata, na mama naye humwita mwanawe tata kwa mapenzi." Akasema, "Na babu mnamwita nani, shangazi?" Tulicheka wiki nzima. Mpaka Akinyi akawa akikuona anakuita kwa sauti ya mzee, "Osoro, baba yako anapika ugali."

Ni yeye aliyekuonya kuhusu vile vibuyu. Vibuyu uliviita wewe. Vilikuwa kumi na kimoja, vya chuma, vya mviringo, kila kimoja vipande viwili vimebanwa pamoja kwa nati katikati. Ulinieleza nikiwa nachambua mboga ya chinsaga. Ndani kuna ngozi ya mpira. Upande huu wa ngozi mafuta, upande ule hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu. Ndege ikitaka kutoa magurudumu, hewa inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma magurudumu. Nikakuuliza, hewa ya tangu vita bado iko humo? Ukasema, "Baba, hewa haiozi."

Mzee alikuagiza ubonyeze kile kidude cha mdomoni, taratibu, uso umeugeuza. Kibuyu kikilia fsss mpaka kinyamaze, hicho kimekwisha, ni kitupu. Kikikataa kulia usikilazimishe. Kidude kimeganda kwa kutu na huenda pumzi bado imo. Kiwekee alama umwachie yeye mpaka aje. Ukabonyeza siku moja asubuhi, mimi na Akinyi umetufukuza mpaka kule kwenye migomba. Vitano vililia vikaisha. Sita vikakataa. Chaki haikushika kwa sababu ya mafuta. Ukaja kuniomba kitambaa, nikakupa ile leso yangu nyekundu iliyochakaa, tukaigawa nusu, nusu ukaikata vipande sita. Kila chenye pumzi ukakifunga kitambaa shingoni. Ukaniambia, "Vyekundu vina pumzi. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilisikia, tata. Sikuwa kiziwi.

Ijumaa ile wewe ulikuwa umeenda Kisii kutafuta spana. Wakina mama wa kanisa walikuwa waje kesho yake baada ya ibada, na wewe mwenyewe ulikuwa umewaahidi kuwaonyesha stoo, wakiwa mlangoni, wasiingie. Nikasema stoo yenyewe ina utando wa buibui, sakafu ina vumbi, wageni wa Sabato wataona nini? Nikaingia kufagia. Mkebe wa saa sikuugusa. Niliupita kwa mbali, hata nikajisifu kwamba mama yako anatii. Nikafuta madirisha. Nikafika kwenye rafu. Nikaona vitambaa vyangu vimekuwa vyeusi kwa mafuta, na ile leso kila mama wa kanisa anaijua, niliivaa harusi ngapi. Nikaona haya. Haya ya kitambaa, Osoro.

Nikavifungua vyote sita. Nikashusha vibuyu vyote kumi na kimoja nikaviweka sakafuni, nikafuta rafu kwa maji na sabuni. Akinyi alikuwa amenipa kipande cha sabuni, akaenda zake senta. Nikafua vitambaa nikavianika kwenye ua. Vilikauka upesi kwa upepo, halafu wingu likaja, nikaona mvua, nikavianua mbio. Nikarudi stoo nikapandisha vibuyu kwenye rafu na kuvifunga.

Nilivifunga vipi? Nilifikiri. Usidhani sikufikiri. Nilisema, chenye pumzi ni kile kizima, kikavu, kizito. Kinachotoka mafuta kimetoboka, na kilichotoboka kitashikaje hewa? Vitano vilikuwa vinatoka mafuta pale kwenye nati. Hivyo nikaviacha vitupu, na vile sita vikavu nikavifunga vitambaa. Hesabu ikatoka sawasawa, vitano na sita, kama ulivyosema. Nikaona nimefaulu. Nilisahau kwamba mafuta yana upande wake na hewa ina upande wake. Ulinieleza wakati nachambua mboga, na mimi nilikuwa naangalia mboga.

Ulirudi jua limekaribia kuzama, umechoka. Nikasema nitamwambia. Ukaoga, tukaimba wimbo wa kuipokea Sabato, na baada ya hapo unajua sheria ya nyumba hii tangu ukiwa mdogo. Sabato hatuzungumzi kazi. Mimi ndiye niliyeiweka. Wewe ukiwa darasa la pili nilikunyang'anya gari la waya ulilokuwa unalitengeneza Jumamosi. Basi nikanyamaza. Kesho yake wageni walikuja, wakatazama kutoka mlangoni, wakasema, "Aaa, pasafi!" Nami nikafurahi. Nikasema kesho asubuhi, kwanza kabisa, nitamwambia.

Jumapili asubuhi nilikuwa nakamua. Nikakusikia unafungua stoo. Ulikuwa umeniambia unataka kufungua vile vitupu uvisafishe ndani, mzee akija avikute tayari. Nikawaza, nimalize chuchu hizi mbili niende nimwambie. Halafu nikasikia sauti yako, unacheka, unapiga kelele ili nikusikie mpaka zizini:

"Baba! Hata vitambaa vimeenda kanisani?"

Uliviona. Uliona ni visafi. Ulijua nimevifua. Na hukuuliza zaidi kwa sababu nyumbani kwangu kila kitu nikikitoa kinarudi mahali pake, sufuria, jembe, viatu vyako vya shule, miaka yote. Uliniamini.

Nami nikacheka. Hicho ndicho nilichofanya. Nilikuwa na nafasi ya kusema ngoja, na nikacheka, nikasema, "Vimebatizwa!" Nikaendelea kukamua.

Sitaandika mlio. Maziwa yalimwagika, hilo nalikumbuka. Akinyi alifika kabla yangu. Tulikushika wawili, yeye kichwa na mimi mkono, mpaka gari la jirani likaja, na kabla ya kufika Kisii mkono ukawa mzito tu. Hukusema neno. Ulinitazama mara moja. Mimi najua ulikuwa unataka kuuliza nini. Akinyi anasema hukuwa unaona kitu tena. Simwamini na ninamshukuru.

Maafisa walikuja wakapiga picha. Mmoja, wa kutoka mbali, akasoma mlango. BABA USIGUSE. Akauliza, "Baba yake yuko wapi?" Wakamwambia alikufa zamani, kaburi lake ni lile pale. Akaandika kitu, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, baba mwenyewe. Akinyi alikuwa kando yangu anatazama chini.

Mzee Barasa alikuja kwenye mazishi. Ni mfupi, tata, huwezi kuamini, na sauti ile yote. Alipomaliza kutupa udongo aliomba kuona stoo. Akasoma mlango, na yeye anajua baba ni nani. Akageuka akanitazama. Akaniuliza polepole, bila ukali, "Mama Osoro, kuna mtu aliingia humu akashika vitu?"

Nikasema, "Hapana."

Nilisema hivyo udongo wako ukiwa mbichi. Akatikisa kichwa, akahesabu vitambaa, sita. Akasema, "Basi alikosea kimoja. Kijana wangu alikosea kimoja tu." Akafuta macho. Akafunga mlango kwa kufuli, akaenda na ufunguo, akasema atarudi kumaliza kazi yako ili watoto wa shule waone kama ulivyotaka. Tangu siku hiyo wewe ndiye uliyekosea. Watu wote wa mazishi waliondoka na neno hilo.

Ningekaa nalo, Osoro. Nakwambia ukweli, ningekufa nalo. Lakini juzi mzee alipiga simu. Anakuja Jumapili hii. Amepata kijana wa kumsaidia kubeba, amepata vifaa. Akaniambia ataanza na vile vinne vilivyobaki bila kitambaa, kwa kuwa hivyo uliviachia pumzi zote na ni salama, atavifungua na spana mwenyewe. Nikamwuliza, mzee, huwezi kubonyeza tena usikie? Akasema, "Mama, kilichokwisha kinanyamaza, na kilichoganda kinanyamaza. Kwa sikio huwezi kujua. Ni kile kitambaa tu."

Ni kile kitambaa tu. Nilishika simu baada ya yeye kukata, nikasimama nayo jikoni mpaka maji ya chai yakakauka.

Hajui kwamba vyote vilishuka sakafuni. Anadhani umekosea kimoja. Atasimama pale pale uliposimama.

Nimeandika mpaka hapa nikaona Akinyi anaingia langoni, amefunga kazi mapema kwa sababu ya Ijumaa. Subiri, tata.

Nimerudi. Kivuli cha mgomba kimefika kwenye kaburi.

Nilimwambia. Nilimwita aketi, hakuketi. Nikamwambia amesimama, na nguo yake ya kazi bado ina nyuzi. Nilisema yote, leso, rafu, Sabato, na kwamba nilicheka. Nilitegemea atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Akasema, "Niliviona vimeanikwa kwenye ua, Mama. Nilirudi kuchukua mkasi, nikaviona, vyote sita. Nikadhani amekuruhusu." Akaanza kutoa nyuzi moja moja. Halafu akasema, "Sabuni nilikupa mimi."

Miezi minne anabeba sahani yake na hiyo sabuni.

Sikujua cha kufanya na mikono yangu. Nikataka kumshika, akarudi nyuma kidogo, si kwa ubaya, kama mtu ambaye bega linamuuma. Akaenda akaketi kando ya kaburi lako, amenipa mgongo. Nikadhani yameisha. Akasema bila kugeuka, "Mpigie mzee. Piga sasa kabla jua halijazama, usije ukaniambia ni Sabato."

Nilipiga. Nikasema, "Mzee, ni mimi niliyefungua vitambaa." Akauliza, "Vingapi?" Nikasema vyote. Akauliza, "Na vibuyu ulivitoa mahali pake?" Nikasema nilivishusha vyote nikafuta rafu. Nikasikia anavuta pumzi upande ule. Halafu akasema, "Ningekuja Jumapili nikavifungua, mama. Na huyu kijana angekuwa amenishikia." Akasema sasa hakuna kitakachofunguliwa, hata kimoja, chenye kitambaa na kisicho nacho, vyote tuvihesabu vina pumzi. Atatafuta watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Vitaondolewa na kuharibiwa mbali na watu. Mtu asikaribie stoo, kuku wasikaribie, ng'ombe afungwe upande mwingine. Akanitaka niyarudie yote kama mtoto shuleni. Nikayarudia.

Mwisho akasema, "Kwa hiyo kijana hakukosea." Nikasema hakukosea. Akalia kwenye simu, Osoro. Mzee mzima. Halafu akakata bila kuniaga, na ana haki.

Akinyi ameingia kwake. Mlango amefunga kama siku zote. Sijui kama atakula kwangu tena, na sitamsihi. Maharagwe nimemwekea kwenye sufuria yake ndogo, nimeifunika, nimeiacha mlangoni. Aichukue au aiache.

Jua linakaribia kilima. Mistari michache imebaki.

Kwaheri haitoki vizuri mdomoni kwa mtoto uliyemzaa, kwa hiyo nitasema tu lala, tata. Lala upande ule ulioupenda, ukiegemea ukuta. Ubavu wa ndege wa yule bibi wa kuku bado umesimama nje ya karakana yako, mbali na stoo, una namba zake, nitaufuta vumbi. Huo hauna pumzi, niliuliza kwanza. Mzee amesema vitu kama hivyo watoto wanaweza kushika, na watashika. Ile nusu nyingine ya leso iko kwenye sanduku langu. Sitaivaa na sitaifua.

Nakuahidi hivi. Kesho kanisani wakifika pale pa kutoa ushuhuda nitasimama, mbele ya wale walioiona stoo ikiwa safi, mbele ya wale wa kituo cha majani chai, nitasema ni nani aliyefungua vitambaa, na kwamba mwanangu alikuwa mwangalifu. Watasema hayo ni mambo ya kazi, mama, leo si siku yake.

Nitayasema. Ni Sabato, na nitayasema.

Mimi,
Baba